Sifa za Injini Inayomisi Alfajiri

Wengi husifu injini inayowaka mara moja na kutulia. Hiyo haimfundishi mwenyewe kitu. Ataiendesha miaka na miaka asijue hata ina silinda ngapi. Mimi naisifu ile inayomisi ikiwa baridi, saa 11:30 alfajiri, Makete au Njombe mwezi wa Julai, sakitu imetanda kwenye nyasi na majirani wamejifunika gubigubi.

Kwanza, ina adabu. Unapiga stata, gari linatetemeka, ekzosi inakohoa, taa ya injini inapepesa. Dakika mbili tatu, yamekwisha, na mchana kutwa hutaisikia tena. Ukifika gereji saa 3, inanguruma taratibu kama mgonjwa aliyepata nafuu mlangoni kwa daktari. Fundi anakutazama wewe badala ya injini.

Pili, ni karimu. Petroli isiyoungua haiiweki akiba. Huipeleka yote kwenye masega ya ekzosi, yale yenye platinamu na paladi, ikaungulie huko mpaka yayeyuke. Wauza spea nao hawaondoki mikono mitupu. Utanunua plagi, utanunua koili, utabadilisha pampu ya mafuta kwa ushauri wa shemeji, na kesho alfajiri mwenzio yupo palepale, hajahama.

Lakini sifa kubwa ni hii: haikubali kuulizwa zaidi ya swali moja kwa siku. Fundi anayeijua hakuuzii kitu. Anakwambia, "Mzee, liache lilale hapa." Asubuhi anachomeka mashine ya kusoma hitilafu kabla injini haijapata joto, inasoma P0302: silinda ya 2. Anahamisha koili ya 2 kwenda silinda ya 3, ya 3 inakuja ya 2, anafuta namba, kisha anasubiri ipoe, maana yake kesho. Ikija P0303, koili imejitaja yenyewe. Ikirudi P0302, siku inayofuata zinahama plagi, halafu nozeli. Haraka haina nafasi hapa, hata ukiwa na fedha.

Na mambo ya kuchunguza ni mengi, kwa sababu petroli baridi haigeuki mvuke kirahisi. Kompyuta ya injini huongeza mafuta ikiamini sensa ya joto la maji. Sensa ikidanganya kwamba injini ni ya moto, mafuta yanapungua na silinda zinashindwa kuwaka. Nozeli inayovuja hufanya kinyume, inadondosha usiku kucha mpaka plagi inalowa. Gasketi ya manifoldi iliyochoka husinyaa kwa baridi, ikavuta hewa ya wizi; ikipata joto inatanuka na kuficha ushahidi.

Ile ninayoiheshimu kuliko zote ni gasketi ya silinda hedi iliyoanza kuachia. Jioni unazima gari likiwa la moto. Mfumo wa maji bado una presha, na presha hiyo inasukuma maji ya rejeta tone kwa tone ndani ya silinda wakati umelala. Alfajiri unapata moshi mweupe wenye harufu tamutamu, na kila wiki unaongeza maji bila kuona yanakovuja. Fungua plagi zote uzipange juu ya gazeti. Tatu zina rangi ya kahawia, moja imeoshwa inang'aa, na mwenye gari hufurahi kwamba angalau hiyo ni nzima. Ndiyo hasa ya kutiliwa shaka.

Adui wa fadhila hizi zote ni dalali wa magari. Hana ubaya na tairi zilizokwisha wala kiti kilichochanika, hivyo vina maneno yake. Injini inayomisi ikiwa baridi haina maneno, kwa hiyo yeye huiwasha nusu saa kabla mteja hajaja, akaizungusha mtaani, akaiegesha kivulini. Mteja anageuza ufunguo, injini inaitika vizuri, bei inapanda. Kwa hiyo ukienda kununua gari, salimia, kisha weka kiganja juu ya boneti kabla hujauliza lolote. Ukikuta ina joto, kunywa chai yao, shukuru, aga. Kesho rudi saa 11:30 alfajiri, na usipige simu kwamba unakuja.