Jinsi ya Kubebwa na Maji ya Kilifi Ukitokea Longonot

Kwanza jenga kiburi. Panda Mlima Longonot, mita 2,776, uzunguke ukingo wa kreta hadi mapafu yakiri kwamba wewe ni mzima. Kisha teremka Ziwa Naivasha ukajifunze kayaki. Ziwa lile halijui kujaa wala kupwa; likichafuka ni upepo wa alasiri, nao unauona ukija, mawimbi yakipasuka meupe. Viboko nao hawamfichi mtu chuki yao. Ukirudi stendi ya Longonot ukiwa hai, tangaza kwamba maji umeyamaliza, imebaki bahari tu.

Tarehe ya safari ipange kwa kufuata ruhusa ya kazini, kamwe usiangalie mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, na pwani ile maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la saa za maji, lakini hiyo ni kazi ya manahodha. Simu yako imeshasema kutakuwa na jua. Ukimkuta mvuvi amekaa mchangani akishona wavu, usimsumbue. Akikuambia mwenyewe, "Mwanangu, maji yanatoka," mjibu kwamba umeyaona, yametulia.

Mahali pazuri ni mkono wa bahari wa Kilifi: ndani pana, mlango mwembamba, na maji yote yaliyoingia hayana njia nyingine ya kutokea. Siku ya mwezi mpevu hujaa mida ya saa kumi alasiri. Wewe ingia saa kumi na moja. Maji bado yamefika kwenye mikoko, hayana hata mkunjo, kwa sababu saa ya kwanza ya kupwa huondoka polepole. Mbio zenyewe ni saa ya tatu na ya nne, na hapo jua litakuwa limezama.

Usianze kwa kupanda dhidi ya mkondo ili kurudi kuwe mteremko. Huo ni woga. Fuata maji, pita chini ya daraja, elekea baharini, ujishangae jinsi kifua cha mlimani kinavyofanya kazi. Mwezi utachomoza mbele yako, mkubwa, wa rangi ya chungwa. Weka kafi magotini upige picha. Kayaki itaendelea kwenda, nawe hutahisi, maana maji yanayokuzunguka yanakwenda pamoja nawe. Kinachosogea ni mikoko tu, na hiyo umeipa kisogo.

Wanaotaka somo kamili waende mwezi wa Julai, kusi likivuma kutoka baharini na kukutana mlangoni na maji yanayotoka. Hapo mawimbi husimama wima, mafupi, yamebanana.

Sasa ndipo ugeuke. Mpiga kafi mgeni huenda kilomita 4 au 5 kwa saa; mkondo ukifika kasi hiyo, unatoa jasho mahali pamoja. Endelea vivyo hivyo, katikati kabisa, kwa hasira. Usikate upande kuelekea ukingoni, ambako mkondo hulegea na mtu angeweza kushika mkoko akasubiri maji yafe. Ukipinduka, iachie kayaki uogelee, ingawa yenyewe inaelea na inaonekana kwa mbali kuliko kichwa chako.

Jaketi la kuokoa maisha lilale chini ya kiti, linaharibu picha. Filimbi uliikataa ulipopewa, simu imelowa mfukoni. Walinzi wa Pwani wa Kenya wapo tangu 2018, lakini wataanzia wapi ikiwa hukumwambia mtu unaingia majini, wala utarudi saa ngapi? Usiwe na wasiwasi, mwenye kayaki atapiga simu kabla ya saa mbili usiku. Atataka kujua kayaki yake iko wapi.