Ufahamu Bila Kufahamu

Somo hili tulijaribu kwanza kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kusingizia lugha. Msomaji na asome sentensi hii: Mgwanyuzi mmoja alikwenda Toroma kufyenza vidungwi kwa sababu mlazibu wake alikuwa amepwagia. Sasa maswali. Mgwanyuzi alikwenda wapi? Toroma. Alikwenda kufanya nini? Kufyenza vidungwi. Kwa nini? Kwa sababu mlazibu wake alikuwa amepwagia. Kichwa cha habari kinachofaa ni kipi? Bila shaka ni "Mgwanyuzi na Vidungwi". Na funzo, kama mtunzi wa mtihani ni mtu wa maadili: tusikurupuke kufyenza mlazibu angali mzima. Kumi kwa kumi, vema sana, na hakuna hata mmoja kati yetu anayejua kama kidungwi ni mdudu au ni aina ya mkopo. Hivi ndivyo wengi wa watoto wetu wanavyofaulu ufahamu wa Kiingereza, na hoja yangu ni kwamba hawafanyi hivyo kwa uvivu. Wanafanya kwa bidii, kwa sababu tumewazoeza vizuri mno ufundi wa kujibu, mpaka kuelewa kumebaki kuwa anasa ya mwenye nafasi.

Ufundi wenyewe hufundishwa hadharani, tena kwa nia njema kabisa. Soma maswali kwanza, habari baadaye. Chukua neno lililo kwenye swali, liwinde kwenye habari, ukilikamata nakili sentensi nzima pamoja na mkato wake. Swali likianza na "why", usihangaike na yaliyotangulia, ruka moja kwa moja hadi kwenye "because". Kwenye maswali ya kuchagua, jibu refu kuliko yote lina dalili za ukweli, maana mtunzi hamwagi wino wake kwa uongo. Mbinu hizi zinachekesha, lakini zinalipa. Mwaka 1990 Stuart Katz na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walipewa maswali ya ufahamu ya mtihani wa SAT bila kuonyeshwa habari yenyewe. Walipata alama za juu kuliko ambazo kubahatisha tu kungewapa. Ikiwa mtu anaweza kujibu maswali kuhusu habari asiyoiona, tusishangae anayeiona asipotaka kujisumbua kuisoma.

Ajabu ya pili ni kwamba ufahamu, hata pale unapokuwepo, hautokani na wingi wa maswali uliyojibu bali na wingi wa mambo unayoyajua. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa watoto wa shule habari iliyosimulia mchezo wa besiboli. Waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaujua mchezo waliielewa na kuikumbuka vizuri kuliko hodari wa kusoma ambao hawakuujua. Hili halihitaji ndege kwenda kulithibitisha Marekani. Mpe mtoto wa Manzese habari ya Kiingereza kuhusu mechi ya Simba na Yanga, naye anayeshika mkia darasani atakueleza hadi makosa ya mwamuzi ambayo mwandishi aliyasahau. Mpe habari ya familia inayofagia theluji mlangoni, atanyamaza, kisha ataanza kuwinda "because". Na kuna kichekesho kingine ndani ya zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi, lile ambalo nchini Kenya limepewa alama zake kumi katika pepa ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Wilson Taylor alipolibuni mwaka 1953 alitaka kupima kama maandishi yanasomeka kwa urahisi. Aliyekuwa akitahiniwa ni habari. Leo habari imekaa kitini kama msimamizi, na mtoto ndiye anayetoka jasho.

Sarufi nayo imejengewa nchi yake. Katika nchi hiyo Asha hali chapati. Chapati ndizo huliwa na Asha. Mwizi hakimbii mpaka "no sooner" imfungulie mlango, na polisi hafiki ila kwa ruhusa ya "than". Chai siku zote ni ya moto mno isiyonyweka, sanduku siku zote ni zito mno lisilobebeka, na Juma, licha ya umaskini wake, siku zote ni mwaminifu. Akisema neno lolote, yupo mtu pembeni wa kulirudia kwa wakati uliopita, kana kwamba wako kituoni wanaandikisha maelezo. Mwanafunzi aliyeishi na raia hawa kwa miaka minne ataigeuza sentensi yoyote kichwa chini miguu juu, lakini mgeni akimwuliza njia ya kwenda posta, atamwonyesha kwa kidole. Si kwamba kanuni hizo ni za uongo. Tatizo ni kwamba zinakula muda wa kazi ambayo zilikusudiwa kuisaidia. Richard Braddock na wenzake, walipopitia tafiti za ufundishaji wa uandishi Marekani mwaka 1963, walihitimisha kwamba kufundisha sarufi ya nadharia hakuboreshi uandishi kwa kiasi cha maana, na kunaweza hata kuudhuru pale kunapochukua nafasi ya kuandika kwenyewe. Na hao walikuwa wakizungumzia watoto ambao wengi wao wamezaliwa na Kiingereza mdomoni.

Mwalimu atanijibu, tena kwa haki, kwamba maneno hayo ni matamu lakini mtihani wa Novemba hauna huruma: asiyepiga pasti pepa atafeli. Nakubali nusu. Mtahiniwa lazima aujue mtihani ulivyo, asije akaandika barua mahali palipoombwa muhtasari, na hilo linatosha kwa mitihani michache ya miaka iliyopita mwishoni mwa masomo. Kuanza nayo Kidato cha Kwanza ni jambo lingine. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha sekondari anakuta biolojia na hesabu zimehamia Kiingereza kwa pamoja. Kuanzia hapo kila somo ni ufahamu, na swali la osmosisi halina "because" ya kurukia.

Atauliza tena: hivyo vitabu vya kusoma viko wapi? Hapo ndipo Fiji inapotufaa. Mwaka 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walianza jaribio katika shule za msingi za vijijini, kwa watoto ambao Kiingereza kwao pia ni lugha ya shuleni. Madarasa yaliyochaguliwa yalipewa vitabu vya hadithi vipatavyo 250. Mengine yakaendelea na mazoezi yao ya miundo ya sentensi. Kabla mwaka haujaisha, wasoma hadithi walikuwa wamepiga hatua katika kusoma na kuelewa karibu mara mbili ya ilivyo kawaida, na mwaka uliofuata faida ikaenea hadi kwenye sarufi na uandishi. Yaani waliwazidi wenzao hata kwenye lile lililokuwa kazi ya wenzao. Vitabu 250 si vya bure, lakini hata rimu za karatasi tunazochangishwa kwa ajili ya majaribio ya kila wiki hazidondoki kutoka mbinguni, tena hizo zikishasahihishwa huishia kufungia karanga.

Pingamizi gumu kuliko yote huletwa na babu: sisi tulikariri, tukachapwa, na Kiingereza chetu hadi leo kinanyooka. Kweli kinanyooka. Ila shule za zamani zilikuwa chache na mchujo wake ulikuwa mkali, kwa hiyo tunaowasikia ni waliovuka. Waliokariri vilevile wakachujwa hawapewi kipaza sauti harusini. Isitoshe, wengi wa hao waliovuka walikisikia Kiingereza shuleni toka asubuhi hadi jioni na walisoma kila karatasi iliyopita mbele yao. Kumshukuru kiboko peke yake ni kumpa mlinzi sifa za mpishi.

Kwa hiyo mazoezi yabaki, lakini yapewe saizi yao. Mtunzi wa mtihani aulize maswali ambayo jibu lake halichomolewi kama mwiba, bali linahitaji kuunganisha aya ya kwanza na ya nne. Mwalimu atenge vipindi vya kusoma tu, pasipo swali hata moja, bila kuogopa mkaguzi kudhani darasa limelala. Na mzazi anayetaka kujua kama ada yake inafanya kazi, asiulize mtoto amepata ngapi. Amwulize kama angependa kujua kilichotokea baada ya habari ile kuisha. Mtoto akishangaa, akasema hakuna kilichotokea kwa sababu maswali yalikuwa yamekwisha, basi waliofeli ni sisi tuliompa zoezi.