Sabuni ya Mche ya Nyumbani: Mwongozo kwa Mbahili Mwenye Subira

Kwanza, fukuza povu kichwani. Mnunuzi wa sabuni hutikisa chupa, na akiona povu limepanda hadi shingoni anatoa fedha bila kuuliza kingine. Povu ni mpiga debe wa stendi: anapayuka mlangoni, lakini hasafiri na basi. Anayeondoka na uchafu ni sabuni yenyewe, inayoshika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili. Akija mtu kukuuzia dawa ya kuongeza povu, mpe kiti, mpe maji ya kunywa, fedha baki nazo.

Pili, nunua mizani kabla ya mafuta. Najua roho inauma, ila kiganja hakipimi kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Kilo 1 ya mawese hula karibu gramu 142 za kostiki safi. Wewe weka 135, mafuta kidogo yabaki ili ngozi isalimike. Mafuta ya nazi yana ulafi zaidi: kilo 1 hutaka gramu 183 hivi, nawe uweke 174. Anayezidisha "ili ikolee" hupata sabuni inayofua nguo pamoja na vidole, na vidole hivyo mara nyingi ni vya dada wa kazi ambaye hakuulizwa.

Sasa kostiki, na hapa nisikilize vizuri. Toka nje, watoto wabaki mbali, vaa glavu na miwani. Kwa kilo 1 ya mafuta, pima gramu 300 za maji ya baridi kwenye ndoo nene ya plastiki, kisha mimina kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo. Usithubutu kumimina maji juu ya kostiki: huchemka ghafla na kukurukia usoni. Sufuria ya alumini iache jikoni, kwa sababu kostiki huila na kutoa gesi inayowaka. Ikikudondokea, jimwagie maji mengi bila kupumzika.

Kisha lililo kubwa kuliko yote: kostiki isiingie kamwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Funda moja linaunguza koo, na kovu lake linaweza kuziba njia ya chakula. Akinywa, usimtapishe, kwa kuwa kostiki ikirudi itaunguza mara ya pili. Msukutue mdomo na mkimbize hospitali. Ukiwa huna kabati la kufungwa kwa kufuli, nunua sabuni dukani, nami nitakusifu kwa hilo.

Kazi iliyobaki ni nyepesi. Yeyusha mawese, yapoe yawe vuguvugu, maji ya kostiki nayo yapoe, uyamimine kwenye mafuta huku ukikoroga hadi mwiko ukipita uache mfereji usiofutika. Mimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni. Baada ya siku moja au mbili kata vipande, ukiwa bado na glavu, uvianike kivulini wiki nne hadi sita. Hapo ndipo wabahili wengi hushindwa. Sabuni changa inauma na inayeyuka upesi kwenye beseni.

Mawese mekundu hutoa sabuni ya rangi ya chungwa, kwa hiyo kanzu na mashati ya shule yafulie sabuni ya nazi, ambayo hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Kama maji ya kisima chako ni magumu na sabuni inaganda utando juu ya beseni, tia kwanza kijiko cha magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Hukamata chokaa iliyomo majini kabla haijala sabuni yako.

Mwisho, hesabu. Kilo 1 ya mafuta hutoa takriban kilo 1.4 ya sabuni mbichi, na ikikauka uzito hupungua. Jumlisha mafuta, kostiki na mkaa, ulinganishe na mche wa dukani wenye uzito huo. Aliye Kigoma anayenunua mawese kwa dumu ana nafasi nzuri ya kushinda. Anayeyanunua Dar es Salaam kwa vipimo vya kibaba asitie manukato wala rangi, kwani hivyo humeza faida yote. Atafute majirani watatu wachange dumu moja, mizani iwe ya wote, na kostiki ikae kwa yule mwenye kufuli.