Namna ya Kuzoeana na Pikipiki ya Mbio Iliyokuwa ya Mtu

Hongera. Umenunua Yamaha R6 ya mwaka 2006. Imeingia Dar es Salaam kwa meli kutoka Uingereza, na aliyekuuzia amekuapia kwamba alikuwa akiitoa Jumapili tu, kwenda kanisani. Usimuulize kanisa gani. Ukitaka kuishi kwa amani na pikipiki ya mbio iliyokwishatumika, kubali tangu mwanzo kwamba kila aliyekuwa nayo kabla yako alikuwa mpole, mtaratibu, na nyumba yake ilitazamana na nyumba ya ibada.

Siku ya kwanza usiende popote. Kalia tu. Kiti chake kiko sentimita 85 kutoka ardhini, kwa hiyo utagusa saruji kwa ncha za vidole, mguu mmoja kwa zamu. Lala juu ya tenki, shika usukani, ingiza kichwa nyuma ya kioo cha upepo, uwaache watoto wa jirani wapige picha. Baada ya dakika chache viganja vitaanza kufa ganzi na kiuno kitalalamika. Mkeo akiuliza kwa nini umejikunja hivyo, mwambie ni kwa ajili ya kukata upepo. Akikukumbusha kwamba mko uani na hakuna upepo, piga honi.

Sasa washa. Haitawaka. Kabla hujampigia fundi, tazama swichi nyekundu upande wa kulia wa usukani, ambayo watoto wa jirani wameibonyeza wakati wa picha. Kazi yake ni kuzima injini, na imeshawasukumisha pikipiki nzima watu wazima wenye digrii. Ukiirudisha, injini itaunguruma, nawe utakanyaga gia ya kwanza kwa furaha. Itazima papo hapo. Hiyo ni stendi ya pembeni, bado iko chini. Watengenezaji waliiwekea swichi ili usiondoke nayo ikiwa imening'inia, ikajigonga kwenye lami ukiwa umelala kwenye kona. Wewe utadhani klachi imekufa. Fundi utakayemwita atakubaliana nawe kwamba klachi imekufa, atataja bei, kisha ataiinua stendi kwa mguu wakati unatafuta pochi.

Likiisha hilo, tenga jioni moja umjue yule muumini aliyekutangulia. Chukua tochi na kitambaa, na usichukue rafiki, maana rafiki ataona yote kabla yako.

Anza na tairi. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wa mfululizo wake kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukisoma 2313, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2013. Muuzaji alisema tairi ni jipya. Ni kweli, lilikuwa jipya, mwaka 2013. Kisha litazame kwa nyuma. Tairi la pikipiki ya mbio huundwa kwa mviringo ili mashine ilale kwenye kona. Lako limekuwa bapa katikati, na kingoni bado lina vinywele vya mpira vya kiwandani. Barabara ya kwenda kanisani ilikuwa imenyooka sana, na muumini alikuwa amechelewa ibada.

Sasa zungusha usukani mpaka ukome kushoto, halafu kulia. Pale shingoni mwa fremu, unapogota, kuna vizuizi vidogo vya chuma. Kikiwa kimebonyea au kimemeguka, pikipiki hii iliwahi kulala chini ikiwa na haraka, hata kama makava yake ya plastiki yanang'aa. Hasa kama yanang'aa. Makava mapya juu ya mashine ya 2006 yana habari ya kusimulia. Pitisha kidole kwenye ncha za mikono ya breki na klachi, ncha za usukani, ncha za vikanyagio. Zikiwa zimesagika zote upande mmoja, mpigie muuzaji. Atakuambia iliangukia uani ikiwa imesimama. Usibishane. Pikipiki zote za mbio duniani zimeangukia uani zikiwa zimesimama, na sijui kwa nini viwanda bado vinazifanyia majaribio kwenye viwanja vya mbio badala ya uani.

Futa zile nguzo mbili za mbele zinazoshika gurudumu, kalia, shika breki, zibonyeze mara kadhaa. Pete ya mafuta ikijitokeza kwenye chuma, sili zimekwisha. Muuzaji atasema alipaka grisi kidogo kwa ajili ya kuzuia kutu. Mtu mwenye huruma kiasi hicho humpati kila siku.

Halafu dashibodi. Inaonyesha 12,000. Alikuambia imetembea "elfu kumi na mbili tu", akanyamaza kabla ya kutaja elfu kumi na mbili za nini. Waingereza hupima barabara zao kwa maili. Zidisha kwa 1.6 upate zaidi ya kilomita 19,000, kisha umsamehe, kwa kuwa ukitafuta neno la uongo katika alichosema hulioni.

Na kabla hujamkasirikia peke yake, ujue kwamba hata dashibodi yenyewe ilizaliwa na tabia hiyo. R6 ya mwaka huo ilitangazwa kwamba injini yake inafika mizunguko 17,500 kwa dakika, watu wakapoteza usingizi kwa kuitamani. Ikaja kubainika kwamba mshale ulikuwa ukitia chumvi. Kikomo halisi kilikuwa kama 16,200. Yamaha huko Marekani ikakiri, ikajitolea kuzinunua tena pikipiki kwa wateja ambao hawakuridhika. Ofa hiyo haikukungoja wewe. Hata hivyo 16,200 zinakutosha, maana nguvu za kilele huja kwenye 14,500, nawe ukifika hapo katika barabara ya Bagamoyo utakuwa na mambo mengine ya kufikiria.

Kwa sababu hesabu ni hii: sheria inakuruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Gia ya kwanza ya R6, yenyewe peke yake, inapita 100. Umenunua gia sita. Kuanzia Mwenge mpaka Tegeta, tano kati ya hizo ni mizigo unayoisafirisha bila nauli. Kwenye foleni, injini iliyoumbwa ipozwe na upepo wa mwendo kasi itachemka, feni itaanza kuzunguka, na hewa ya moto itaelekezwa kwenye mapaja yako kwa uangalifu mkubwa. Kijana wa bodaboda atapita pembeni na Boxer yake isiyo na feni wala rejeta, nyuma kabeba mama, mtoto na gunia la mkaa. Atakutazama kwa heshima. "Bosi, hiyo inakimbia ngapi?" Jibu kwa sauti ya chini, huku ukijifuta jasho. Taa itaruhusu, na utamkuta tena taa inayofuata, amefika kabla yako.

Matuta yanahitaji adabu ya pekee. Wabunifu wa R6 hii waliuficha mwili wa ekzosi chini ya injini, ukabaki mdomo mfupi tu kulia, ili ifanane na pikipiki za MotoGP. Uzuri wake hauna mfano. Ila viwanja vya MotoGP havina tuta lililojengwa na wananchi wenye hasira kwa saruji iliyobaki msikitini. Liendee kwa mshazari, polepole, ukiwa umejiinua kidogo kwenye vikanyagio, na ukisikia mkwaruzo utazame mbele kama mtu ambaye hausikii.

Kuhusu oili, kuna fundi mzuri mtaani kwenu atakayekupa lita za oili ya gari, ya bei nafuu, kopo lina picha ya simba. Kataa kwa upole. Kwenye gari la kawaida klachi inakaa pakavu; kwenye R6 sahani zake zinaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za gari zimetiwa vilainishi vya kupunguza msuguano. Klachi bila msuguano ni kelele tu: injini inapanda, pikipiki inabaki. Geuza kopo utafute maandishi JASO MA. Fundi atakwambia ameshaziwekea nyingi na hazijawahi kusumbua. Muulize ziko wapi sasa.

Vioo vya pembeni usihangaike navyo. Vinaonyesha viwiko vyako, vizuri kabisa.

Breki ndizo za kushughulikia mapema kuliko rangi, stika na picha. Mafuta yake hunyonya unyevu wa hewani, na Dar ina unyevu wa kutosha kwa kila mtu. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, mwaga, weka mapya, na kama pedi zimebaki unene wa kadi ya simu badilisha zote kwa pamoja. Fanya kazi hiyo kimyakimya, jioni, geti likiwa limefungwa. Ni kwa sababu ya shemeji yako. Kesho atakuja na kandambili, bila helmeti, leseni yake ya gari dogo mfukoni, aseme, "Shemeji, nipe nizungushe kidogo hapo nje." Jibu lake ni moja tu: haina breki. Na ile risiti ya pedi, ifiche.