Chelewa ya Bwana Karani

Katika kisiwa kimoja cha mbali, ng'ambo ya bahari saba, kuku waliishi dahari na dahari wakioana bila kuulizana nasaba. Walikuwamo kuchi, warefu wa shingo, wenye manyoya yaliyolala laini kama yaliyopakwa mafuta, ambao wazee wao walisemekana kushuka na majahazi ya kaskazi. Na walikuwamo vidimu, ambao manyoya yao hujikunja na kusimama kila moja kwa upande wake, na wazee wao hawakushuka na chombo chochote, kwa kuwa kisiwa kilikuwa kwao tangu hapo. Jimbi la kuchi likioa mtetea wa kidimu, chini ya mbawa za mama mmoja wakatoka wa laini na wa kujikunja, na hakuna aliyeona ajabu, kwa maana unga ukishakandwa kwa tui, nani ataweza kuvitenga?

Ndipo akaja Mwewe, akajitangaza mlinzi wa kisiwa. Mwewe alikuwa ameonja fedheha: kila alipoteremka, kuku wote walipiga ukelele mmoja, naye akarudi angani kucha tupu. Akawaza, kisha akajenga ghala na kutoa amri kwamba kila Ijumaa kuchi apewe pishi ya mchele, na kidimu apewe kibaba cha pumba. Kunguru akafanywa karani, akapewa daftari. Na kwa kuwa hata yeye hakuweza kujua nani ni nani, akachomoa chelewa moja katika ufagio wa uani ikawa ndiyo kadhi wake. Aliichomeka katika manyoya ya shingo na kumwamuru kuku atikise kichwa: ikianguka, aliandikwa kuchi, ikinasa, aliandikwa kidimu. Hivyo ndugu wa tumbo moja walirudi nyumbani huyu na pishi, yule na kibaba, na haukupita muda mrefu wakaacha kula sinia moja.

Tangu hapo usiku wa kuamkia Ijumaa haukuwa tena wa kulala. Kila ua ulifuka moshi wa magadi yaliyochemshwa, na mawe ya pwani yakatiwa motoni ili manyoya yabanwe kati yake mpaka yanyooke. Babu aliyewahi kuvua samaki ufukoni aliandikwa kuwa nahodha, na bibi aliyezaliwa bondeni akahamishiwa ng'ambo angali kaburini.

Katika ua mmoja tembe aliinamisha shingo mapajani pa mama yake, kidimu mtu mzima ambaye manyoya yake hayakuwahi kuonja magadi. Mama alilishika jiwe kwa kipande cha kitambaa, akabana unyoya baada ya unyoya, na harufu ya kuungua ikajaa kibandani. Ngozi ilipochubuka tembe akalia, na mama akapuliza palipochubuka, akasema, "Vumilia mwanangu, kesho utakula mchele."

Asubuhi walisimama katika foleni moja, mama nyuma ya mwanawe. Kunguru akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akauliza, "Kidimu huyu ni nani wako?" Kabla tembe hajafumbua mdomo, mama akajibu, "Simjui, Bwana Karani. Tumekutana njiani tu." Kunguru akaliandika neno hilo. Chelewa ikaanguka, tembe akapimiwa pishi yake, akahamia mtaa wa kuchi. Na tangu siku ile, kila walipokutana kisimani, mama ndiye aliyetangulia kumwamkia mwanawe, akimwita Bibi.

Lakini manyoya hayajui kusema uongo. Kila mwaka hupukutika, na katika tundu lile lile huchipua kile ambacho damu imekiagiza. Kila mwaka tembe akarudia magadi, na kila mwaka ngozi ikazidi kuwa ngumu. Alipoatamia mayai yake ya kwanza, wakatoka vifaranga wa laini na wa kujikunja, kama kwa nyanya yao. Jioni moja Mwewe akateremka, akanyakua mmoja wa huku na mmoja wa kule, wala hakuwachomeka chelewa. Kilio kikasikika pande zote mbili za ua, na kila upande ukadhani ni msiba wa wenzao.

Mwewe alipoondoka, kiti kikakaliwa na Jogoo wa kidimu. Kisiwa kizima kilitaraji ghala livunjwe. Halikuvunjwa, ila mizani iligeuzwa, vidimu wakala mchele na kuchi wakala pumba. Waliokesha wakinyoosha wakakesha wakikunja, na manahodha wote wakashuka majahazini usiku mmoja. Tembe yule, sasa mtetea mzima, naye akaja. Lakini shingo yake ilikuwa imeunguzwa mpaka mizizi, manyoya hayakujikunja tena, chelewa ikaanguka.

"Lete shahidi," akasema Kunguru, karani yule yule.

Akamleta mama yake. Kunguru akafunua daftari la zamani, akasoma, "Siku ile ulisema humjui."

"Nilisema simjui ili apate kula," mama akajibu, "nawe ukaandika. Leo nasema huyu ni mwanangu, nilimwatamia siku 21. Liandike na hilo, na pishi yako baki nayo."

Kisha akaiokota ile chelewa iliyoanguka, akamshika mwanawe ubawa, wakatoka kwenye foleni. Walipofika nyumbani akaichomeka katikati ya ufagio, akaukaza kamba, akamkabidhi mwanawe. Naye akainama, akaanza kufagia ua waliokulia wote.