Leilani wa Bugeshi

Kwetu Bugeshi, Rwanda, ukimuuzia mtu gunia lenye viazi vikubwa juu na vidogo chini atakutukana, na msimu ujao atarudi kununua tena. Lakini mpelekee bibi jina lisilo na maana umpe mjukuu wake, uone kama utasamehewa. Jina huku ni taarifa. Yupo mtu anaitwa Banyangiriki, yaani wananichukia kwa nini, na waliokuwa majirani wa baba yake enzi hizo wanajua fika swali lilikuwa la nani. Yupo Nsekanabo, nacheka nao, na kila anayelisikia anaelewa kwamba hao anaocheka nao si wa kugeuziwa mgongo. Baba na mtoto hawalazimiki kuwa na jina moja la ukoo. Kila mtu huzaliwa na habari yake.

Katika nchi ya namna hiyo mdogo wangu aliamua kumwita binti yake Leilani.

Chanzo ni agasobanuye. Kwa msioijua, hiyo ni filamu ya kigeni ambayo mtafsiri mmoja anaisimulia yote kwa Kinyarwanda: anasema ya jambazi, anasema ya mrembo, na wahusika wakinyamaza sana anawaongezea maneno ya kwake. Shemeji, miguu ikiwa imemvimba kwa ujauzito, aliangalia moja yenye bahari na minazi, akasikia msichana anaitwa hivyo. Akalipenda papo hapo. Mumewe, ambaye kazi yake ni kupakia viazi kwenye malori na mnazi hajauona maishani, akasema hilohilo.

Siku ya nane ikafika, siku ya kumpa mtoto jina. Kwa desturi watoto wa jirani hukusanywa, hulishwa chakula kinachoitwa ubunnyano, kisha kila mmoja hupendekeza jina. Wa kwetu walikula vizuri. Kwenye mapendekezo mmoja alitaja mchezaji wa mpira, na mwingine, macho yakiwa kwenye kreti iliyowekwa pembeni, alisema mtoto aitwe Fanta. Watu wazima wakacheka. Ndipo mdogo wangu akasimama, akakohoa kama mheshimiwa, akasema jina lake.

"Rudia," mama akasema.

"Leilani."

"Reyirani."

"Hapana, mama. Leilani."

"Si ndivyo nilivyosema?"

Kinyarwanda hakijisumbui sana kutenganisha L na R. Mjini Gisenyi, ambako tunachanganyika na watu wa Goma na Kiswahili kinasikika kila kona, ulimi unajitahidi kidogo. Bugeshi, juu huku kwenye baridi, R imejikalia na haina mpinzani.

Likaja swali lililokuwa likisubiriwa: maana yake nini? Mpwa wetu, mwanafunzi wa sekondari anayeamini kwamba simu yake inajua kuliko walimu, akajitolea kujibu. Ni jina la visiwa vya Hawaii, alisema, katikati ya bahari ya Pasifiki. Lei ni shada la maua wanalovikwa watu shingoni. Lani ni mbingu. Shada la maua la mbinguni.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha msiba kabisa. Huku kwetu shada la maua lina anwani moja tu, nayo ni kaburini. Mzee mmoja jirani alivua kofia. Mama aliangalia kitoto kilichofunikwa blanketi, akaangalia wanawe, akauliza: "Mtoto ana siku nane, mmeshamnunulia shada?"

Mdogo wangu alijaribu kujitetea. Kule, alisema, maua hayo ni ya kumpokea mgeni, ni heshima, na neno la mbingu walilitumia pia kwa watu wa ukoo wa kifalme. Mama hakuyumba. "Sisi mgeni akifika tunampa kiti na kikombe. Maua tunampa anayeondoka asirudi. Hata gorila wanaopewa majina kule Kinigi kila mwaka wanapewa yenye maana nzuri. Mjukuu wangu ashindwe na gorila?"

Hoja ilikuwa nzito. Sherehe ile ya gorila ipo tangu 2005, watu maarufu wa dunia hualikwa kutaja majina, na majina yenyewe mengi ni ya Kinyarwanda safi.

Mpwa akadhani takwimu zitasaidia. Akasema Marekani jina hili limepanda hadi kuingia katika majina 100 yanayopendwa zaidi kwa wasichana. Mama akamjibu kwamba kama wako wengi hivyo, wa kwetu tutamtambuaje? Kijana akasogeza kidole kwenye kioo, akaibuka na habari ambayo mtu mwenye busara angeimeza. Alitusomea kwamba kuna mtaa unaitwa Leilani Estates, kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii, na kwamba mwezi Mei 2018 ardhi ilipasuka katikati ya mtaa huo, volkano ya Kilauea ikatema moto, na nyumba mamia zikateketea.

Shemeji alifumba macho. Mimi nilianza kutafuta njia ya kwenda kuona kama viazi vya jikoni vimeiva. Lakini mama, mtu asiyetabirika, alinyoosha shingo.

"Wana mlima wa moto?"

Wana, kijana akasema.

Hapo lazima nieleze tunakoishi. Mashamba yetu yamezungushiwa makoro, mawe meusi ya volkano, na ukichimba shimo la choo jembe linaanza kulia kabla hujafika magotini. Juu yetu uko Karisimbi, mita 4,507. Upande wa Kongo uko Nyiragongo, ulioimeza sehemu ya mji wa Goma Januari 2002, ukarudi tena tarehe 22 Mei 2021. Baada ya ule wa 2021 ardhi ya wilaya yetu ya Rubavu ilitetemeka siku kadhaa, nyumba na barabara zikapata nyufa, na mama alilala nje akiwa amekumbatia redio, akidai kwamba nyumba hujengwa tena lakini betri ni ghali. Kwake mtu aliyewahi kuishi chini ya mlima wa moto ni jirani, hata akiwa ng'ambo ya bahari mbili.

"Na mlima wao ni mwanamke kama wetu?" akauliza. Maana Nyira- ndiyo inayoanzia majina mengi ya wanawake huku, na Nyiragongo tunaisema hivyo bila kufikiri.

Mpwa akapekua. Ndiyo, wenyeji wa kule wanasema mwenye moto ni mungu wa kike, anaitwa Pele.

"Yule wa mpira!" akapiga kelele mtoto aliyependekeza mchezaji. Kesi ikaisha kwa vicheko, na soda zikafunguliwa kabla hukumu haijasomwa.

Nilibaki na hamu, nikaendelea kulifuatilia jina lenyewe. Lilienezwa sana na baba mmoja, Harry Owens, kiongozi wa bendi ya hoteli moja huko Waikiki, aliyetunga wimbo wenye jina hilo mwaka 1934 binti yake alipozaliwa. Bing Crosby akauimba katika filamu ya 1937, ukapata tuzo ya Oscar. Mdogo wangu hajui kuimba, na namshukuru Mungu. Nikakuta pia kwamba Wahawaii wa zamani ni ndugu zetu kabisa: malkia wao wa mwisho, Liliʻuokalani, aliyepinduliwa 1893, alipozaliwa alipewa majina ya maumivu na machozi kwa sababu mkubwa mmoja wa kifalme alikuwa anaumwa jicho siku hiyo. Mtoto huyo angezaliwa Bugeshi hakuna ambaye angeshangaa.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni habari ya herufi. Wamisionari wa Kimarekani walipokuwa wakiipangia lugha ya Hawaii maandishi, waliwakuta wenyeji wakichanganya L na R kama mama yangu. Mwaka 1826 wakapiga kura. L ikabaki, R ikatolewa. Ndiyo maana Maria kule ni Malia, jina alilopewa binti wa kwanza wa Barack Obama, mzaliwa wa Honolulu mwenye asili ya Kogelo, Kenya. Nilipomweleza mama, ambaye kwa ubatizo ni Mariya, alikaa kitako akafikiri. "Kwa hiyo mngempa jina langu, angekuwa wa Hawaii na mimi ningenyamaza?" Hakuna aliyemjibu.

Wiki ya sherehe ya kanisani keki iliagizwa Gisenyi, ikapanda kwa pikipiki juu ya mapaja ya abiria, kwenye barabara ya mawe. Ilifika imeinama upande mmoja, imeandikwa REYIRANI kwa sukari ya waridi, RANI ikiwa imebaki kwenye kifuniko cha boksi. Shemeji alitaka kulia. Mama aliikwangua ile RANI kwa kijiko, akaila, akasema ni tamu.

Kwenye cheti cha kuzaliwa mtoto ni Leilani, herufi kwa herufi, maana baba yake alisimama nyuma ya aliyekuwa akiandika. Nje ya cheti hakuna mtu wa jina hilo. Ukija Bugeshi ulizia kwa Reyirani, hata watoto watakupeleka. Zawadi lete sukari au sabuni. Maua acha.