Mageuzi Yafika Kitisuru

Mwaka 2013 Baraza la Jiji la Nairobi likawa Serikali ya Kaunti: huduma zimeshushwa kwa mwananchi, wakubwa wakapiga makofi. Februari 2020, kwa saini za Ikulu, kazi nne zikiwemo afya na uchukuzi zikapandishwa serikali kuu, na punde zikawa chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi. Makofi tena. Mwaka 2022 zikarudi kaunti. Makofi.

Mkubwa huyaita haya yote mageuzi. Meneja wa kati, maskini, hubadilisha mhuri na bosi, kisha huandaa warsha ya kuwaambia walio chini kwamba hakuna kilichobadilika, ila wao wabadilike. Msimamizi wa wadi huku Kitisuru ana swali moja tu: dizeli ya lori la taka anaidhinisha nani sasa? Mjibuni, waheshimiwa.